Mkia Peke Yake Si Kitwitwi

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyopanda mbegu zote za mama mkwe kwa kuuamini mkia wa ndege.

Mwingereza alikuwa bado anatawala, nami nilikuwa mwali wa miezi minne huku milimani, nimetoka kijiji cha Kileo, kule tambarare, nikijiona najua kila kitu. Mama mkwe alikuwa anakwenda kijiji cha Mamba kumhudumia binti yake aliyejifungua. Akanikabidhi kibuyu cha mbegu za maharage.

"Kitwitwi akirudi ndivani, vuli iko njiani. Hapo ndipo upande. Unamjua kitwitwi?"

"Namjua, mama."

Nilikuwa simjui hata kidogo! Kuuliza si ujinga, lakini niliona aibu. Baadaye nikamchokonoa jirani, kama mtu anayepiga soga tu, naye akasema, "Si yule anayetikisa mkia?"

Basi. Siku ya tatu baada ya mama mkwe kuondoka nilikwenda ndivani, kwenye lile bwawa ambalo kijiji kizima kiligawana maji yake kwa zamu. Ukingoni nikamwona ndege mweusi na mweupe anatikisa mkia. Nikaacha mtungi palepale, nikakimbilia jembe, nikapanda kibuyu kizima. Mwenye pupa hadiriki kula tamu: jua liliwaka wiki tatu, zamu yetu ya maji haikulowesha hata tuta moja, na kwale wakafukua mbegu mpaka ya mwisho. Nililia, mwanangu. Niliona nimeiletea njaa nyumba iliyonipokea.

Mama mkwe aliporudi nikapiga magoti. "Shikamoo, mama. Kitwitwi wako amenidanganya."

"Marahaba. Twende ukanionyeshe huyo mwongo."

Nikamwonyesha. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Huyu ni mwenyeji, yupo hapa mwaka mzima. Wewe umeona mkia, hukuona ndege."

Tukawa tunarudi kila asubuhi. Siku ya tano kitwitwi mwenyewe, yule mgeni, alikuwa amefika, yuko peke yake topeni: mgongo wa kahawia, tumbo jeupe, na weupe umepanda mbele ya bega. Huyu alitikisa kiuno chote, si mkia tu. Tulipomsogelea akaruka chinichini juu ya maji, akipiga mbawa kidogo kidogo, akilia kwa sauti nyembamba. Bwana shamba mmoja wa Kizungu aliwahi kusema huyo ni ndege wa kwao. Mama mkwe akamuuliza, "Mbona anakaa kwetu miezi mingi kuliko kwenu?"

Tulipofika nyumbani akapanda darini, akashuka na kibuyu cha pili cha mbegu.

"Nilikuachia kimoja tu," akasema. "Nami niliolewa humu nikijua kila kitu."

Kwa hiyo, mwanangu, usimtambue ndege wala mtu kwa mkia. Tazama rangi yake, mwendo wake, sikiliza sauti yake, ujue na msimu wake wa kuja. Usipojua, sema sijui. Neno hilo halijamlaza mtu njaa. Na ukiwa na nyumba yako, weka kibuyu cha pili darini, usimwambie mtu. Mungu akujalie macho matulivu, na mvua ikukute mbegu ungali nazo mkononi.