Nguchiro na Kigoda cha Mume Wangu

Marehemu mume wangu alikuwa mchonga vinyago, na uani kwetu Chanika alituachia lundo la vibanzi lililonifika kiunoni. Lile ganda jeupe la mpingo, ambalo halina kazi kwa mchongaji, likinyeshewa huoza na kuingia funza. Funza hao ndio waliowaleta nguchiro kutoka kiwanja cha jirani, ambacho mwenyewe amekiacha kiwe pori.

Hawakuwa na haya. Walikuja kuchakura mchana kweupe, lakini upande wa mbali tu, ule wa migomba. Upande wa huku, penye kigoda alichokuwa akikalia mume wangu kuchonga, funza walikuwa tele na hawakuwagusa. Siku ya kwanza aliwarushia kibanzi kimoja, basi, hakurudia tena.

"Wanajua mkono wangu unafika wapi," aliniambia akicheka, tezo mkononi.

"Sema umeshindwa kuzoa uchafu wako," nikamjibu.

Alipofariki, binti yetu alitaka lundo liondolewe. "Mama, tuzoe hizi takataka, zitatuletea nyoka."

Nikamwambia nguchiro wanakula nyoka, aniache. Ukweli ni kwamba nilipenda kukaa mlangoni nikiwatazama. Bado walikuwa wanakikwepa kigoda, na mimi nikajiona siko peke yangu ninayeamini kwamba yumo ndani anakunywa chai, atatoka sasa hivi.

Masika yalipoisha wakaanza kusogea. Leo wako juu ya lundo, kesho wameshuka huku kidogo, wakisimama kwa miguu ya nyuma kunusa na kutazama kwanza. Kila waliposogea, moyo uliniuma. Halafu asubuhi moja nikamkuta mmoja chini ya kigoda chenyewe, anafukua pale pale mume wangu alipokuwa akiweka miguu, wala hana wasiwasi.

Nikavua kandambili nikamtupia. "Toka! Hapo pana mwenyewe!"

Wote wakakimbilia migombani. Nililia kwa sauti mpaka binti yangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Nilimtamani yule mwanamume na vumbi lake lote la mpingo.

Siku hizi nikishafagia, kigoda nakikalia mimi, kandambili moja mkononi. Nguchiro wamerudi upande wa migomba.