Matanga ya Mpigaji Aliyeshushwa Daraja

Msimu wa besiboli ulikuwa haujatimiza hata mwezi, timu yangu ikamshusha daraja kijana wangu. Nasema wangu, ingawa hanijui. Kudaka alijua, mkono wake mwepesi, ila gongo lilimsusa: mpira unapita, yeye anapiga hewa. Mimi nilisema apewe muda. Kocha akampeleka timu ya daraja la chini, akambakiza mrushaji mmoja mkongwe ambaye kila mpira wake ulikuwa unaishia kwa watazamaji. Nilimchukia kocha yule wiki nzima, nikamtia kasoro mpaka kofia yake. Mume wangu aliniuliza kama kocha ana habari kwamba mimi nipo.

Sasa, nina mtani. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi, na Texas haijalifuta hilo. Tulifanya kazi nyumba moja ya kutunza wazee, mtaa wa Sharpstown, yeye muuguzi mwenye leseni, mimi msaidizi. Mtihani wa leseni ulikuwa umeniangusha mwaka uliotangulia, na tangu hapo sikugusa kitabu. Niliogopa kuanguka tena, basi. Kumsema kocha kulikuwa rahisi zaidi, na mtani alinisikia kila siku kazini.

Jumamosi asubuhi nikasikia kilio mlangoni. Kufungua, mtani huyo, khanga kiunoni, sufuria kichwani.

“Uwii! Mpigaji wetu katutoka! Kafa na gongo mkononi, mpira hakuugusa!”

Jirani yetu Mmeksiko akachungulia, akafanya ishara ya msalaba. Mtani akajilaza chali kwenye kizingiti. Kwetu mtani akija msibani huweza kulala hata kaburini, na hatoki mpaka wafiwa wamlipe. Kumkasirikia ni mwiko.

“Mtani, toka, nitachelewa shift.”

“Sitoki. Nipe ada yangu.”

“Chukua soda.”

“Soda kanywe wewe Mzaramo, upate nguvu za kucheza ngoma.”

Nikamletea kuku wa jana. Akamla wote, akabaki palepale.

“Marehemu yuko wapi saa hizi?” akauliza, anajifuta mafuta mdomoni.

“Si wamempeleka daraja la chini.”

“Anafanya nini huko?”

“Anacheza. Jana kapiga vizuri.”

“Kumbe mzima! Wao wamem-send akafanye mazoezi, wewe unakaa matanga. Hapa tunamzika nani, mtani?”

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Alikuwa ananitazama usoni, na utani umemtoka machoni. Nilitamani kumfokea, mila ikanikatalia.

“Ada yangu ni tarehe ya mtihani,” akasema. “U-book hapa hapa, nikuone.”

“Naogopa.”

“Najua,” akasema, akaivua sufuria, akajinyoosha vizuri zaidi.

Nilisimama pale na simu mkononi. Nilimwona jinsi alivyoziba mlango wote, mwanamke mzima na nguo zake za kazi chini ya khanga, na nikajua kwamba kweli hatatoka. Nikajiandikisha. Nilikosea tarehe yangu ya kuzaliwa, nikaanza upya.

“Mwezi wa saba,” nikamwambia, machozi yananitoka.

Akainuka, akajikung’uta vumbi, akanipa pole kwa mikono miwili kama anavyopewa mfiwa.

“Haya twende,” akasema, “unanichelewesha kazini.”