Ukuta Tuliousiriba kwa Ajili ya Mgeni

Tetemeko lilinikuta dukani Tunduma, asubuhi, nikimkunjulia kitenge mteja kutoka ng'ambo ya mpaka. Rafu zilicheza, majora yakaanguka, na yule mama akapiga kelele, "Mayo!" yaani mama yangu kwa lugha yao, akatimua mbio hadi barabarani na kitenge changu begani. Nilicheka. Nilikuwa bado nacheka simu ilipoita, na ilikuwa ya mama.

"Nyumba imelia," alisema.

Mama anaishi peke yake milimani, mbele ya Itumba, katika nyumba ya matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo. Baba aliijenga kwa mikono yake na hakuikalia hata miaka miwili. Nilipofika Jumamosi niliuona ufa. Ulianzia juu ya dirisha la chumba cha mama, ukapanda kwa kukatakata tofali moja baada ya jingine mpaka kwenye bati, na kitanda chake kilikuwa chini yake kabisa. Niliingiza ncha ya kidole, ikaenea.

Siku hiyohiyo mtendaji wa kata aliitisha mkutano. Alitutangazia kwamba mtu yeyote mwenye nyumba iliyopasuka asilale ndani mpaka mhandisi wa wilaya aje kuikagua. Nikauliza mhandisi atakuja lini. Akasema fungu la tathmini halijatoka, mhandisi ni mmoja kwa wilaya nzima, na gari halina mafuta.

"Sasa watu walale wapi?" nikauliza, na sauti yangu haikuwa ya adabu.

"Walale kwa ndugu zao."

Watu wakatazamana. Ndugu zao walikuwa palepale kwenye nyasi, nao wana nyufa zao. Mama peke yake ndiye ambaye hakuangalia huku na huku. Aliniangalia mimi, nami nikaangalia viatu vyangu.

Kwangu Chapwa, palepale Tunduma, tuna vyumba viwili, mume, watoto watatu na marobota ya vitenge hadi darini. Hicho ndicho kisingizio nilichokuwa nampa kila aliyeuliza. Ukweli ni kwamba mimi na mama hatuwezi kumaliza wiki chini ya paa moja. Atasema ugali wangu ni mlaini, atasema mume wangu nimemwachia sana, atayasema mbele ya huyo mume, nami nitajibu. Sikumtaka kwangu. Niliona haya kuliwaza jambo hilo, na bado nililiwaza.

Unga wa msaada ulikuja. Blanketi zikaja, tukapigwa picha tukizipokea. Mtu wa kutuambia tulale ndani au nje hakuja. Nilikasirika sana wakati ule, na bado nina hasira, maana walioleta unga walikuja na malori matatu na hakuna lori lililokuwa na nafasi ya mtu mmoja anayejua kusoma ukuta. Mama alilala kwenye jiko la nje mpaka baridi ya milimani ilipomshinda, akarudi kitandani kwake, chini ya ufa.

Mwishowe taarifa ikatoka kwamba mhandisi atapita Alhamisi. Nilipanda Jumatano kwenda kumsaidia mama kumpokea, nikamkuta yeye na jirani mmoja wamekunja nguo magotini, wanakanyaga udongo.

"Mama, mnafanya nini?"

"Tunasiriba. Mgeni wa serikali akute nyumba imepasukapasuka kama ya mtu asiye na watoto?"

Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Pasaka ikikaribia, posa ikija, mchungaji akiahidi kupita, ukuta husiribwa upya na kupakwa udongo mweupe, na mwenye nyumba asiyefanya hivyo husemwa mwaka mzima. Mama hakuona kosa lolote. Kwake, nyumba chafu ndiyo iliyokuwa aibu.

Mimi niliona. Nimekaa mjini, najua mkaguzi anakuja kuangalia nini. Lakini nilijua pia kwamba nyumba ikipigwa alama nyekundu, mama atafunga virago na basi litamshusha Chapwa. Nikajipangia mwenyewe ule ukuta wa chumbani. Nikachukua udongo na kuushindilia ndani ya ufa kwa kidole gumba, kuanzia dirishani hadi kwenye bati, nikisimama juu ya kiti, mpaka ufa ukashiba na kutoweka. Mama alipita na ndoo ya maji, akasimama kidogo mlangoni, akaendelea na kazi yake.

Mhandisi alikuja kesho yake mchana kwa pikipiki ya kuazima, kope zimejaa vumbi. Alimwamkia mama shikamoo kwa heshima, akazunguka nyumba, akagongagonga kuta.

"Dada, hapa hapakuwa na ufa?" aliniuliza akiwa chumbani.

"Nyufa ndogo ndogo tu, za juu juu."

Aliutazama ule weupe kwa muda. Akasema utaratibu unamtaka abandue udongo aangalie, ila amebakiwa na nyumba nyingi na pikipiki ni ya watu, kwa hiyo atarudi gari likipatikana. Akaandika kwenye fomu kwamba nyumba inafaa kukaliwa. Mama hajui kuandika, nikatia sahihi kwa niaba yake.

Jirani yetu wa chini hakuwahi kusiriba kwa sababu alikuwa msibani. Nyumba yake ilipigwa alama nyekundu siku ileile, nasi tukamcheka kwa uvivu wake. Leo analala kwa mwanawe Itumba, kwenye nyumba yenye nondo.

Udongo ulipokauka, mstari ulirudi mahali palepale, mwembamba kama unywele. Safari iliyofuata ulikuwa umepanuka. Juzi nilipopanda, kidole changu kilipita chote, na upande wa pili nilihisi upepo. Mawingu yalikuwa yameshatanda milimani. Mama alikuwa amekaa kitandani anachambua maharage.

"Mama, toka humu. Twende kwangu."

"Serikali imeshapima," alisema, akaichomoa ile fomu chini ya mto. Imelainika kwa kukunjwa. "Imeandikwa inafaa. Na sahihi si yako?"

Nilimbembeleza, nikagomba, nikamwita mbishi. Aliendelea na maharage yake. Mwisho nikakaa karibu naye, nikasema yote: kwamba ufa ulikuwa mkubwa, kwamba niliuona, kwamba niliuziba mimi na kumdanganya mhandisi. Nililia, na sikujali kwamba nalia.

Mama hakushtuka. Alipuliza makapi kwenye ungo.

"Nilikuona," alisema. "Nilisimama pale mlangoni na ndoo, nikaona unavyoushindilia. Nikasema basi, mwanangu hanitaki kwake. Nitakaa hapahapa."

Nilimwambia sivyo, ingawa ilikuwa ndivyo. Nikamshika mkono nikamwambia tuondoke sasa hivi. Hakuuvuta mkono wake, ila hakuinuka pia. Matone ya kwanza yakaanza kugonga bati, tukiwa bado tumekaa wawili kwenye kile kitanda, chini ya ukuta wangu.