Kikavu kwa Kikavu

Mama aliniachia wosia mmoja tu, na haukuwa wa nyumba wala wa dhahabu. Aliutoa akiwa amelala hospitalini, wiki tatu kabla ya kufa, kwa sauti ileile aliyokuwa akinituma nayo dukani kuleta vitunguu. "Siku yangu ikifika, wewe ndiye utakayemwaga maji. Asimwage mtu mwingine."

Nikasema ndiyo, mama. Ningesema nini? Mtu ana mirija puani, uanze kumweleza kwamba huu ni mwaka wa kumi na moja humwamini Mungu?

Mama alikuwa mwosha maiti. Haikuwa kazi ya mshahara. Tulipohamia Toronto kutoka Tanga tukakaa ghorofa ya kumi na nne kule Thorncliffe Park, na simu ilipolia kwamba mwanamke fulani wa jumuiya amefariki, mama aliuacha mchuzi jikoni, akabeba begi lake, akaenda. Nilikuwa na miaka kumi na tisa aliponichukua mara ya kwanza. Alinifundisha kupima joto la maji kwa kifundo cha mkono, kama maji ya mtoto mchanga. Alinifundisha kumwambia maiti kila ninachomfanyia: sasa nakugeuza upande wa kulia, dada yangu. Na mwisho kabisa, maiti akishakaushwa, kabla ya kufunikwa uso, alikuwa anavua glavu na kumshika shavu kwa mkono mtupu. Alisema haifai mtu aondoke duniani akiwa ameguswa na mpira tu.

Imani yangu haikuondoka kwa kishindo. Hakuna aliyenikosea, wala sikusoma kitabu kikanipotosha, kama watu wanavyopenda kudhani. Nilisimama kuswali siku moja nikatambua kwamba naongea peke yangu, na kwamba nimekuwa nikiongea peke yangu kwa muda mrefu. Sikumwambia mtu isipokuwa mume wangu. Kila Muharram niliendelea kuvaa nyeusi, nikaendesha gari saa nzima kwenye foleni kutoka kwangu Pickering hadi kituo chetu cha dini kule Thornhill, nikakaa kwenye majlisi za maombolezo begani kwa mama, nikalia na wenzangu. Machozi yale hayakuwa ya uongo. Kiu ya watoto walionyimwa maji vitani Karbala inamliza hata asiye na Mungu.

Lakini kuosha maiti si kulia. Kuna sharti. Anayemwaga maji lazima awe Mwislamu, na lazima atie nia kwamba anamwosha huyu kwa kutaka ukaribu wa Mwenyezi Mungu. Asiyeamini akiyamwaga, hata ayamwage kwa ustadi gani, josho halisihi. Maiti atakuwa amezikwa bila kuoshwa. Hilo nalo alinifundisha mama mwenyewe.

Kwa hiyo alinitaka mimi, na sheria yake hainitaki. Nikitimiza wosia, namharibia josho. Nikiukataa, lazima niseme kwa nini, siku ya maziko, baba yangu akiwa nje ya mlango.

Alikufa mwezi wa Februari. Asubuhi ya kumzika nilibishana na nafsi yangu barabara nzima ya 407. Maji ni maji, nilijiambia. Mama hayupo, hajui, hatajua. Nikinyamaza, nani amedhulumika? Mimi ni mwalimu wa bayolojia. Najua mwili unaanza kuwa nini baada ya saa kadhaa. Nilipoegesha gari nilikuwa nimeshakata shauri: ninanyamaza, namwaga, namaliza, ninarudi kwangu.

Chumba cha kuoshea kina vigae vyeupe, meza ya chuma yenye mfereji pembeni, na mpira wa maji unaoning'inia ukutani. Tulikuwa wawili tu, mimi na mama mdogo, yaani mdogo wake mama, aliyeosha naye kwa miaka mingi. Mama hakutaka macho mengi juu yake. Maziko yalipangwa mara baada ya swala ya adhuhuri, na baba na kaka yangu walikuwa wanangoja kwenye korido.

Mama mdogo akafungua begi la mama. Ndani kulikuwa na vifurushi viwili, unga wa majani ya mkunazi na kafuri, kwa ajili ya maji ya kwanza na ya pili. Vilikuwa vimefungwa kwa uzi, na juu ya kila kimoja kulikuwa na utepe wenye mwandiko wa mama: *Ya kwangu*. Alikuwa amejipimia mwenyewe, nadhani msimu wa joto uliopita, kabla vidole havijaanza kumkataa.

Mama mdogo alikoroga mkunazi, akanipa mpira. "Haya, tia nia."

Niliutazama ule utepe. Mtu aliyejifungia kafuri yake kwa mikono yake hana mzaha na jambo hili. Hoja zote nilizozipanga barabarani zikanikimbia.

"Mama mdogo, siwezi kumwaga."

"Mikono inatetemeka? Itatulia."

"Si mikono. Siwezi kutia nia. Siamini."

"Huamini nini?"

"Mungu."

Maji yalikuwa yanatiririka kwenye mfereji. Akafunga bomba. Hapohapo kaka akagonga mlango, akauliza kama tuko tayari, maana sheikh anaulizia.

"Bado," mama mdogo akajibu bila kugeuza kichwa. Kisha akaniuliza polepole, "Tangu lini?"

"Miaka kumi na moja."

"Na majlisi zote zile?"

"Nilikuja kwa ajili yake."

"Mama yako anajua?" Alisema *anajua*, kana kwamba mama amekaa tu hapo anatusikiliza.

"Hapana."

"Na leo ndiyo umeona siku ya kuniambia. Amelala hapa."

Hasira zikanipanda. "Ungependa ninyamaze? Azikwe bila josho?"

"Ungenyamaza nisingejua," akasema. "Na kwako wewe yeye hayupo tena. Hakuna anayekuona. Sasa unamwogopa nani?"

"Simwogopi mtu. Ni mama yangu. Hili lilikuwa jambo lake."

Aliniangalia hadi nikatamani anitukane tu yaishe. Kisha akaninyang'anya mpira. "Anayemwaga ndiye mwosha. Anayeshika na kugeuza hahitaji nia. Utashika." Akafungua boksi la glavu akanitupia pea mbili. "Vaa hizi, na hizi juu yake."

Pea ya kwanza ilikuwa ya kawaida, kila mwosha huvaa. Ya pili niliielewa mara moja. Mwanachuoni aliyekuwa akifuatwa na mama anasema asiyemwamini Mungu ni najisi. Kikavu kikigusa kikavu hakuna neno, lakini palipo na umajimaji najisi inahama. Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni na sikuwahi kufikiri kwamba linanihusu. Niliumia, sitaficha. Mwanamke huyu alinilisha kwa mkono wake nilipokuwa na surua, na sasa ananikinga nisimchafue aliyenizaa. Nikazivaa.

Akatia nia kwa sauti, kwa jina la mama, naye akamwaga. Nilishika kichwa. Nilimgeuza kulia, nikamgeuza kushoto. Mama mdogo ana bega bovu, na kwenye maji ya kafuri nilimwona akiuma mdomo kila alipoinua mkono, lakini sikuthubutu kumpokea. Kazi yangu ilikuwa kuwa kama sehemu ya meza. Niliweza kusema tu, nikasema: nakugeuza, mama, nakuinua mkono, mama, maji haya ni ya mwisho, hayana kitu ndani.

Kaka aligonga tena. Safari hii hatukumjibu.

Tulipomaliza, mama mdogo akamkausha, akamlaza juu ya sanda, tukamfunika hadi shingoni. Nilijua kinachofuata na nilijikaza kisabuni nisikiangalie. Shavu. Nilishajua kwamba mama ataondoka ameguswa na mpira tu, kwa upande wangu, na kwamba hiyo ndiyo bei ya kusema kweli.

Mama mdogo akachukua taulo mpya akamfuta mama uso kwa mara nyingine, hadi nyuma ya masikio, hadi kwenye vinyweleo vya kipaji cha uso. Akanirushia nyingine. "Vua. Jikaushe."

Nikavua glavu zote. Nikajifuta mikono. Akaikamata mikono yangu kwa kitambaa, akaikagua viganja na katikati ya vidole kama mwalimu wa zamani anayekagua kucha. "Tena." Nikafuta tena, nikaipepea hewani hadi ikawa mikavu kama karatasi.

"Sasa mguse," akasema. "Lakini usilie. Chozi lako likimdondokea itabidi tumtoharishe upya, na wanaume wanangoja."

Nimelia Muharram zote bila kulazimishwa na mtu. Siku hiyo, kwa mama yangu mwenyewe, niliambiwa nisilie. Niliinamisha mkono bila kuinamisha kichwa. Niliitazama taa ya dari, nikamgusa kwa kupapasa, nikakuta taya, nikapanda hadi shavuni. Lilikuwa baridi, laini, likinukia kafuri. Nilikaza meno. Machozi yalikuja vilevile. Nilihisi moja limefika kwenye kidevu na linajiandaa, na sikuweza kuutoa mkono.

Mama mdogo akanyoosha mkono wake ule wenye bega bovu, akalipokea kwa ncha ya mtandio wake. Halafu la pili. Akaendelea kunifuta kidevu, kimya, bila haraka, muda wote niliokuwa nimemshika mama, hadi mtandio wake ukalowa.

Tulipofungua mlango, baba akasimama. Aliniuliza mimi. "Umemwosha mwenyewe, kama alivyotaka?"

Mama mdogo akawahi. "Ameoshwa kama alivyotaka, shemeji. Josho lake limetimia."

Adhuhuri iliadhiniwa dakika chache baadaye. Nilikwenda upande wa wanawake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ukubwani sikusimama kwenye safu bila kuwa na udhuru wa mwezi. Nilikaa kwenye kiti nyuma. Mama mdogo alichelewa kuingia. Alipoingia alikuwa amevaa mtandio wa kuazima, wa kijani, usiomfaa kabisa, na mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, ndani yake mtandio wake uliolowa machozi yangu. Aliuweka mbali na mswala wake, chini ya kiti changu, akaenda kuswali.