Kupe wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hajawahi kunitazama usoni, nami sijawahi kukanyaga chumba anacholala. Ndiyo heshima yetu. Anaposhuka kutoka Mgeta kuja kwetu Mafiga, namwamkia nikiwa uani, anaitikia akiwa jikoni, na mengine yote yanapitia kwa mke wangu.

Safari ile mke wangu alikuwa msibani Ngerengere, na mama akashuka na homa. Zahanati walimpima malaria, hakuna. Wakampa dawa ya kutuliza homa, tukarudi. Nikamwomba jirani, mama mtu mzima, aje kumwogesha. Mama mkwe akakataa, eti ana nguvu. Nguvu gani, mtu anatetemeka mpaka kitanda kinalia! Nilimsikia nikiwa sebuleni, nikaogopa kwelikweli. Niliwaza nitampigiaje mke wangu simu yuko kwenye msiba mmoja, nimtangazie mwingine.

Kulipokucha alikuwa ametoka vipele vyekundu mikononi, hadi viganjani. Heshima nikaiweka kando, nikamshika bega, tukapanda bajaji hadi hospitali. Daktari, binti mpole, akamuuliza kazi zake.

"Nafuga mbuzi wa maziwa. Nawakatia majani, nawapelekea bandani."

Daktari akaacha kuandika. "Mama, umeng'atwa na kupe? Una kidonda chochote mwilini?"

"Hakuna."

Akauliza tena. Hakuna. Mimi nilikuwa nimemshikilia asianguke kitini, nikahisi mwili wake umekakamaa mikononi mwangu. Macho kayatupa sakafuni. Ndipo nilipoelewa: hawezi kuutaja mwili wake mbele ya mume wa mwanawe, hata kama ni kwa ajili ya uhai wake. Nikamwomba nesi amshike, nikatoka na kufunga mlango.

Nilisimama koridoni. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Msemo huo nilikuwa nikiwatania nao wateja wangu wa cherehani, lakini siku ile sikuuona mzaha. Nikatega sikio mlangoni. Nikaomba Mungu aseme chochote yule mama, hata anitukane. Mwishowe nikasikia sauti yake, ndogo, ikieleza jambo kwa kirefu.

Daktari alitoka akanivuta pembeni. Kiunoni, pale anapofungia kanga, kulikuwa na kidonda chenye gaga jeusi. Mama alikuwa amemng'oa kupe hapo kwa kucha kabla hajashuka mjini, akamsahau.

"Homa hii inaletwa na kupe, na ina dawa yake. Tunaanza sasa hivi, hatusubiri majibu ya maabara. Mngeendelea kukaa nyumbani..." Hakumalizia, wala sikutaka amalizie.

Akaniagiza: mbuzi waogeshwe kwa dawa ya kupe, mama akienda kukata majani avae suruali, aiingize ndani ya buti, na kila akirudi ajikague mwili mzima, kwapani, kiunoni, nyuma ya magoti. Maagizo hayo nilimpa mke wangu kwa simu. Ningeanzaje kumwambia mkwe?

Homa ikashuka, mke wangu akarudi. Jioni moja niko uani, mama akanisemesha mwenyewe kutoka jikoni, kitu ambacho hakijawahi kutokea.

"Baba."

"Naam, mama."

"Siku ile usingetoka kwa daktari, nisingesema."

Nikacheka, nikidhani ananitania.

"Ningekufa na siri yangu," akasema, kisha akamwomba mwanawe chumvi.