Ubaridi Unaokimbia Abiria

Saa nne asubuhi. Vioo vyote vinne vimefungwa, injini inanguruma taratibu, na mwanamume wa miaka hamsini na minne ameketi nyuma ya usukani bila kugusa kitu. Macho yake yako kwenye kipimajoto alichochomeka kwenye tundu la hewa. Nyuzi tisa. Nane. Saba.

"Hii hapa, inapuliza vizuri kabisa," anasema, kama anayejitetea.

Mafundi wenzake wanamwita Friji. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ni moja tu: viyoyozi vya magari. Hakusomea popote. Alifungua gari bovu la shemeji yake, akashindwa kulifunga, na aibu ikamfundisha.

Aibu ya leo ni gari dogo la kijivu. Linarudi kwa mara ya tatu. Mwenye gari, mwalimu mstaafu, amesimama chini ya turubai, mkoba kifuani.

"Nikiwa peke yangu, baridi mpaka natafuta sweta," anasema. "Nikimpakia mama, dakika kumi tu, tunaiva."

"Mwalimu, gari halichagui abiria."

"Hili linachagua, fundi."

Mama yake ana miaka themanini na moja na mapafu yake hayavumilii joto. Vioo navyo hawawezi kufungua, vumbi linamkaba. Keshokutwa ana kliniki, mwendo wa saa mbili. Safari iliyopita alifika midomo imebadilika rangi, akawekewa oksijeni kabla hajaulizwa jina.

"Safari hii sitaki kubahatisha," mwalimu anasema.

Mara ya kwanza Friji aliongeza gesi. Mara ya pili alibadilisha rilei, swichi ndogo ya umeme. Mara zote mbili alizunguka na gari nusu saa, akaona nyuzi sita, akaridhika. Malipo ya mara ya pili aliyakataa, ingawa ulikuwa msimu wa mvua, ambapo wiki nzima huweza kupita kwa gari moja.

"Zamani sikuwa nazunguka peke yangu," anasema, kisha anafuta mikono ambayo haijachafuka.

Zamani mkewe, aliyekuwa na cherehani yake kibanda cha pili, ndiye aliyekaa kiti cha abiria na daftari mapajani. "Alikuwa anatangaza nyuzi kama mpira. 'Kumi! Tisa! Punguza mwendo, unataka kutuua?'" Daftari bado lipo. Mwandiko wake unaishia katikati ya ukurasa, miaka mitatu iliyopita. Watoto wako mbali, hupiga simu Jumapili.

Tangu hapo kwenye kiti cha abiria hukaa kisanduku cha vifaa. Friji hukifunga mkanda ili kengele ya gari isipige kelele.

"Tunaelewana," anasema. "Hakilalamiki." Anajaribu kucheka. Kicheko hakifiki mbali.

Simu ya mwalimu inaita. Ni mama, na sauti yake haihitaji spika.

"Huyo fundi wako bado anasema gari zima? Basi mimi ndiye mbovu! Mwambie anibadilishie spea!"

"Mama, jamani, anakusikia."

"Asikie! Na amwambie aliyetengeneza kigari hicho kwamba binadamu ana miguu. Magoti yananiua, naisukuma miguu huko chini ya droo ya mbele, bado haitoshi."

Friji anageuka taratibu kutazama kisanduku chake. Kimefungwa mkanda vizuri. Hakina miguu.

Anakishusha chini. "Mwalimu, naomba uendeshe wewe."

Anapanda upande wa abiria na kufunga mlango. Anabaki kidogo na mkanda mkononi, kama mgeni asiyejua akae wapi. Hakumbuki lini mara ya mwisho alikaa kiti cha abiria.

Wanazunguka mtaa mmoja. Nyuzi saba. Friji ananyoosha miguu, anaisukuma mpaka magoti yanabana droo ya dashibodi kwa chini. Kutoka kwenye injini, tik. Kumi. Kumi na nne. Kumi na tisa. Anaikunja miguu. Tik. Hewa inaanza kupoa. Anarudia mara nne, maana yeye si mtu wa kuamini mara moja.

"Mwalimu," anasema kwa sauti ndogo, "ninamdai mama msamaha. Yaani, yeye ndiye anayenidai."

Karakanani anaing'oa droo. Nyuma yake kuna sensa ya ubaridi, kitu kidogo kama punje ya harage. Waya wake umevunjikia shingoni. Ukisukumwa, unaachia, kompyuta ya gari inadhani barafu imeganda ndani, inazima kompresa, pampu inayosukuma gesi ya ubaridi. Anaunganisha mita, anautikisa waya kwa kidole. Namba inaruka, inapotea.

"Nilipewa jibu siku ya kwanza, kwamba ni mama akipanda," anasema. "Nikaona ni maneno ya mzee tu."

Mwalimu anauliza kama waya hauwezi kuunganishwa leo.

"Unaweza. Halafu uachie njiani keshokutwa, mama akiwa ndani. Hapana." Sensa mpya inaletwa kesho asubuhi, dukani wamemhakikishia, naye atawapigia tena jioni.

Anapanga skrubu juu ya kipande cha boksi, kwa mfuatano zilivyotoka.

"Kesho saa tano njoo na mama. Nataka akae mwenyewe, anyooshe miguu anavyotaka, anisomee nyuzi."

"Ataongea njia nzima, fundi. Nakuonya."

"Aongee."

Mwalimu anaondoka kwa miguu. Droo imelala sakafuni, waya zinaning'inia, kisanduku kiko chini kilipoachwa. Friji analitoa daftari, analifungua pale mwandiko wa mkewe unapoishia, anapiga mstari, na chini yake anaandika tarehe ya kesho. Kisha analiweka kwenye kiti cha abiria, na kalamu juu yake.