Gesi Iliyoacha Kunuka

Siku ile mama alitoka jikoni hana nyusi.

Mikono ameinyoosha mbele yake, haigusi kitu. Hakusema nisaidieni. Aliniangalia mimi, akaniuliza taratibu kabisa: "Mbona haikunuka?"

Jibu nilikuwa nalo. Nimekaa nalo kifuani miaka kumi na moja, na leo nalitoa. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini siwezi kuvumilia hata siku moja zaidi.

Vuta kiti nikuelezee.

Mama alikuwa mpishi wa shule ya sekondari niliyosoma. Wanafunzi mia sita, masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuoga ndani, na kuni. Kuni asubuhi, kuni mchana, kuni jioni. Jiko lilikuwa jeusi hadi darini, na mama alikuwa na kikohozi ambacho nilikizoea kiasi kwamba jioni nikikisikia getini najua amerudi.

Mimi nilikuwa mwenyekiti wa klabu ya mazingira. Kidato cha tatu, kichwa kimevimba, sishauriki. Miti tulishapanda, taka tulishatenganisha, nikaona ni mchezo wa kitoto. Nikawaambia wenzangu tutengeneze gesi. Mabaki ya chakula na samadi ya ng'ombe wa shule viende shimoni, vioze, gesi itoke, kuni zikome. Sikuwaambia kwamba namwazia mama. Nilitaka apumue, basi.

Mwalimu wa kemia akatuunga mkono. Tulichimba wenyewe mwezi mzima, viganja malengelenge matupu, halafu fundi mwashi akajenga tangi. Moto wa kwanza wa bluu ulipowaka, mama alikaa juu ya ndoo akautazama huku machozi yanamtoka. Nilipomuuliza, akasema macho yake yameshazoea moshi, yanalia hata usipokuwepo.

Tatizo likabaki moja. Gesi ilinuka.

Mayai viza kabisa. Ukichelewa na kiberiti kidogo tu, harufu inafika mpaka madarasani. Wanafunzi wakaliita jiko letu Choo Kipya. Tulitaniwa mpaka tukaona aibu kuvaa beji za klabu.

Basi likaja shindano la shule za kijani. Mkuu wa shule akaniita ofisini. Akasema mradi ni mzuri, lakini majaji hawawezi kunywa chai kwenye uvundo ule. Nitafute dawa.

Nikaitafuta. Darasani tulishafundishwa kwamba chuma chenye kutu kinaikamata ile gesi inayonuka. Nikakusanya nyaya chakavu za kusugulia masufuria, nikaziloweka zipate kutu, nikazishindilia ndani ya kopo la chuma, tukaliunga katikati ya bomba.

Siku ya pili harufu kwisha. Hata ungeweka pua kwenye koki usingesikia kitu. Wenzangu walinibeba mabegani, nikazungushwa uwanja mzima.

Mtu mmoja tu hakufurahi.

"Mwanangu, ile harufu ilikuwa inanisaidia," mama aliniambia. "Nikiingia asubuhi, najua kama kuna koki imeachwa wazi. Sasa naingia kama kipofu."

Nikamcheka. Nikamwambia amezoea shida mpaka ikiondoka anaililia. Ila tangu siku ile, kila asubuhi alikuwa anapitisha mkono kwenye koki moja baada ya nyingine, midomo inacheza, anazihesabu. Mimi nikaona ni uzee.

Kitu kingine. Wiki hiyohiyo msaidizi wake alishikwa na kizunguzungu stoo, bomba la gesi linakopita, akaanguka. Tukasema hakunywa chai. Hakuna aliyehangaika kuuliza zaidi.

Ijumaa majaji wakaja. Mama akapelekwa ukumbini kuwahudumia wageni, funguo za jiko akaniachia mimi. Nikawasha jiko la mwisho, lile la karibu na mlango. Jaji mmoja akainama kunusa, akatikisa kichwa kwa mshangao. Mwenzake akafungua mlango apate mwanga wa kupiga picha, upepo ukaingia, moto ukazimika. Tukacheka wote. Wakati huohuo tukasikia tunaitwa ukumbini tukaeleze mradi.

Nilifunga mlango kwa funguo, nikatoka mbio.

Koki sikuifunga.

Zamani pua ingenirudisha. Siku hiyo hapakuwa na kitu cha kunirudisha.

Tukaenda nyumbani kwa mapumziko mafupi na ngao yetu ya ushindi. Jumapili saa nne asubuhi nilimsindikiza mama shuleni kuwapikia wanaorudi; nikampa funguo, yeye akaenda jikoni, mimi nikabaki nje namwagilia miche.

Kilichotokea alinisimulia baadaye. Alikuta koki wazi, akaifunga. Akaacha mlango wazi, akasimama nje akisubiri, kama tulivyomfundisha sisi wenyewe. Tulimbandikia na karatasi ukutani, herufi kubwa: SUBIRI HARUFU IISHE. Akasubiri. Akarudi, akanusa. Hakuna kitu. Kumbe gesi imejaa darini.

Akawasha kiberiti.

Hakukuwa na kishindo kikubwa. Nilisikia kama mtu amebamiza mlango kwa hasira, kisha kimya. Mengine nimeshakwambia.

Wiki ya pili kamati ya uchunguzi ilikaa hospitalini, pembeni ya kitanda chake. Mkuu wa shule, mwalimu wa kemia na watu wawili wa bodi. Mimi nilisimama miguuni pake. Wakauliza nani alifunga jiko siku ya Ijumaa. Nikafungua mdomo.

Mama akaniwahi. "Ni mimi. Nilisahau koki. Umri umekwenda."

Wakaandika: uzembe wa mpishi. Miaka kumi na tisa ya kazi ikaishia kwenye maneno matatu.

Walipotoka nikataka kuwafuata. Akaniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

"Funguo ulikuwa nazo wewe. Nilijua palepale nilipoiona koki. Lakini mimi nimeshaungua, wewe bado. Nyamaza, usome."

Nikanyamaza. Nikasoma. Mradi uleule ukanipa ufadhili wa chuo, na leo mimi ni mhandisi wa maji. Vidole vya mama havikunjiki, kwa hiyo vifungo vya gauni lake namfunga mimi kila asubuhi. Niliamini deni langu ndilo hilo, na kwamba linaishia kwake.

Wiki iliyopita nilikwenda kukagua kisima kwenye shule moja ya mbali. Nikapita jikoni kuomba maji ya kunywa.

Katikati ya bomba la gesi kulikuwa na kopo.

Nikamuuliza mpishi, dada mdogo tu, hilo ni la nini. Akasema hajui, limo kwenye mchoro. Nikaomba mchoro. Chini kabisa limeandikwa jina la shule yetu, na jina langu. Maelezo ya pembeni yalionyesha kwamba walioandaa shindano waliusambaza mchoro wa washindi kwenye shule arobaini. Hakuna aliyewaonya kuhusu kopo, maana ripoti inasema kosa ni la mpishi.

Nikamuuliza kama kuna aliyewahi kuumia.

"Hapa hapana," akasema. "Shule ya jirani ndiyo walimzika mpishi wao mwaka juzi. Wanasema alisahau koki."

Sikumbuki niliendeshaje gari mpaka nyumbani. Nilimweleza mama yote. Aliitazama mikono yake mapajani.

"Nilidhani nakuokoa wewe," akasema. "Kumbe niliwachoma wenzangu. Andika, mwanangu. Na uongo wangu usiufiche."

Ndiyo nimeandika.

Kuondoa harufu halikuwa kosa. Kosa ni kumwondolea mpishi onyo lake bila kumpa lingine, tena baada ya yeye mwenyewe kusema. Na kosa ukilificha kwa sababu unampenda aliyelifanya, halifi. Linamtafuta mtu ambaye hana wa kumfichia.

Kama shule yenu inapikia gesi ya shimoni na gesi hiyo hainuki, leo msiwashe kiberiti. Iteni fundi kwanza, na huyo mpishi msikilizeni.

Kesho asubuhi nakwenda kwenye bodi ya shule. Mama amesema anakuja. Nitawaambia kwamba koki niliiacha mimi, halafu nitawaomba orodha ya zile shule arobaini.